Ndege bado iko chini: dakika ambazo rubani hatakiwi kupiga soga

Mwambie dereva wa fuso aliyepakia Bujumbura apeleke mzigo Bugarama, usiongeze neno, kisha ungoje uone utashushwa wapi. Akipanda milima kwa barabara ya RN1 atafika Bugarama ya Muramvya, penye baridi na soko la mboga, pale njia zinapoachana, moja ikienda Kayanza na nyingine Gitega. Akifuata ziwa kuelekea kusini kwa RN3 atafika Bugarama ya ziwani, upande wa Magara, kabla ya kuingia Rumonge kwenye mawese na ndagala. Na kama ni dereva aliyezoea kuvuka mipaka, atakumbuka kwamba iko ya tatu, Bugarama ya Rwanda, kwenye mashamba ya mpunga karibu na mpaka wa Kongo. Ndiyo maana mtu wa ziwani akiambiwa mzigo unakwenda Bugarama huuliza kwanza: Bugarama ipi?

Kosa la lori hulipwa kwa dizeli na siku moja iliyopotea. Kosa la aina hiyohiyo, jina likasikika vizuri lakini njia ikachukuliwa vibaya, liliua watu 49 nchini Marekani alfajiri ya tarehe 27 Agosti 2006. Katika uwanja wa Lexington, jimbo la Kentucky, marubani wa ndege ya kampuni ya Comair waliruhusiwa kuruka kupitia njia namba 22, yenye urefu wa takriban mita 2,100. Giza lilikuwa bado halijaondoka. Ndege ikitembea taratibu kutoka kwenye maegesho, wao walikuwa wakizungumza mambo yasiyohusu safari. Wakakata kona mapema, wakajipanga kwenye njia namba 26, fupi kwa nusu na isiyo na taa, wakaongeza nguvu. Njia ikaisha kabla ndege haijainuka. Kati ya watu 50 waliokuwemo alipona mmoja tu, rubani msaidizi.

Namba waliyopewa waliisikia. Waliirudia hata redioni. Kilichokosekana ni mtu wa kutazama nje na kuuliza: ishirini na mbili ipi?

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani iliyachunguza mazungumzo yale na kusema wazi kwamba soga lilichangia marubani kupoteza hesabu ya mahali walipo. Ndege haikuwa mbovu. Hali ya hewa haikuwa mbaya. Safari ile iliharibikia chini, katika dakika ambazo abiria wengi huwa wanafunga mikanda na kutuma ujumbe wa mwisho kwa simu.

Kwa mfanyabiashara wa mwambao wa Tanganyika jambo hili linaweza kuonekana la mbali. Safari yake ya kila wiki ni ya boti au ya basi: Rumonge hadi Kigoma, Rumonge hadi upande wa Fizi, au kilomita zipatazo 75 za RN3 kwenda Bujumbura. Lakini wanaokwenda kununua nguo Guangzhou au simu na vipuri Dubai hupitia uwanja wa Bujumbura, ambao tangu 2019 una jina la Melchior Ndadaye, kisha Nairobi au Addis Ababa, na kila kituo kina kuondoka na kufika kwake. Mtu wa namna hiyo huweza kutembezwa ardhini na ndege mara nane katika safari moja ya kwenda na kurudi. Hofu yake yote huwa hewani, mawingu yanapotikisa ndege. Magurudumu yakigusa ardhi, hupumua na kuinuka kutafuta begi.

Ndege iliyokwisha kutua salama

Tarehe 12 Novemba 2009 ndege ndogo ya aina ya CRJ-100 iliondoka Kigali kwenda Entebbe. Ilikuwa safari ya RwandAir, lakini ndege yenyewe ilikuwa imekodishwa kutoka kampuni ya JetLink Express ya Kenya. Ndani walikuwemo abiria 10 na wafanyakazi 5. Muda mfupi baada ya kuruka, marubani waligundua kwamba kishikio cha kuongeza na kupunguza nguvu ya injini ya kushoto kimekwama. Injini ilikuwa inavuma kwa nguvu kubwa na haishuki. Wakaamua kurudi Kigali.

Walitua. Hiyo ndiyo sehemu ngumu, na waliifanya. Ndege iliyokuwa ikisukumwa na injini moja yenye nguvu nyingi ilibidi ishikiliwe kwa breki muda wote, na breki zikapata moto kupita kiasi. Ikajongea hadi kwenye maegesho, mbele ya majengo, mahali ambapo abiria wa kawaida angeshukuru Mungu na kufungua mkanda. Kisha breki zikashindwa kuizuia. Ndege ikakimbia mbele kwa kasi na kugonga ukuta wa jengo la wageni mashuhuri, pua ikazama ndani. Abiria mmoja alikufa.

Wachunguzi hawakusema kwamba marubani hao walikuwa wakipiga soga, na si haki kuwasingizia. Walichosema ni kwamba marubani hawakujua hatua sahihi ya kuchukua kishikio kikikwama, na hawakutambua hatari ya breki zilizochemka walipotaka kuegesha. Injini inayokataa kushuka inaweza kuzimwa. Wakati ndege iko hewani, watu waliitambua kama ndege yenye dharura. Ilipofika chini ikaanza kuchukuliwa kama ndege iliyofika, na tofauti ya mitazamo hiyo miwili ndiyo iliyobeba uhai wa mtu.

Kinachofanyika nyuma ya ule mlango

Abiria akiwa kwenye kiti cha 22 huona ndege ikijongea kwa kasi ya pikipiki inayoingia sokoni, hivyo hudhani kazi haijaanza. Nyuma ya mlango wa chumba cha marubani, hizo ni dakika zenye kazi nyingi zaidi ya saa nzima ya kukata mawingu. Kapteni anashika usukani mdogo wa gurudumu la mbele. Rubani msaidizi anasikiliza redio, anaandika maelekezo, anapanga mikunjo ya mabawa, anasoma kwa sauti orodha ya ukaguzi na kusubiri jibu la kila kipengele. Wakati huohuo mmoja wao anatakiwa afuate ramani ya uwanja kama anavyofanya mtu anayetafuta nyumba katika mtaa mgeni usiku.

Viwanja vina lugha yao ya rangi, na abiria wa dirishani anaweza kuisoma. Michoro ya viungio, zile njia ndogo za kupitisha ndege kutoka maegesho hadi njia kuu, ni ya njano. Michoro ya njia ya kuruka na kutua ni myeupe. Usiku taa za kingo za viungio ni za bluu na za njia kuu ni nyeupe. Kibao chekundu chenye namba nyeupe kinasema: mbele yako ni njia kuu, usivuke bila ruhusa. Chini, penye kibao hicho, imechorwa mistari minne ya njano, miwili imeunganika na miwili imekatikakatika. Huo ndio mpaka. Mfanyabiashara wa Mugina au Gatumba anaelewa haraka: kuna mahali unasimama, unaonyesha karatasi, na unapita ukiambiwa upite.

Namba zenyewe hutoka kwenye dira. Bujumbura ina njia moja tu ya kuruka na kutua, ndefu, mita 3,600, lakini ina majina mawili. Ndege inayoikimbilia kuelekea kusini inatumia 17, kwa sababu dira inasoma karibu nyuzi 170. Inayoelekea kaskazini inatumia 35. Nairobi ni 06 na 24. Katika viwanja vikubwa vyenye njia mbili au tatu zinazokatana, kama Lexington ilivyokuwa na 22 na 26 zilizokaribiana, kazi ya rubani ni ileile ya dereva wa Bugarama.

Kanuni ya kunyamaza ilizaliwa Marekani. Septemba 1974 ndege ya Eastern Air Lines ilianguka ikikaribia kutua Charlotte, watu zaidi ya 70 wakafa, na kinasa sauti kikaonyesha kwamba marubani walikuwa wakijadili siasa na magari yaliyotumika. Mwaka 1981 mamlaka ya anga ya nchi hiyo iliweka sheria: ndege ikiwa inatembea ardhini, inaruka, inatua, au iko chini ya futi 10,000 ikipanda au kushuka, ndani ya chumba cha marubani husemwi wala kufanywa lolote lisilohusu usalama wa safari. Hakuna hadithi, hakuna kula, hakuna kujaza makaratasi ya kampuni. Mhudumu hapigi simu kwa kapteni kuuliza kahawa. Mashirika ya ndege duniani yakaichukua kanuni hiyo, nayo mafunzo ya marubani wa ukanda huu huifundisha.

Tatizo la kanuni hii ni kwamba kuivunja mara nyingi hakuna adhabu. Marubani wawili wanaweza kuzungumza habari za watoto na mishahara wakijongea mara mia, na mara mia ndege ikaruka salama. Dereva wa basi wa RN3 anayeongea na simu akikata kona za juu ya ziwa ana ushahidi uleule: jana alifika. Marubani wa Lexington nao walikuwa na miaka ya ushahidi wa jana.

Nairobi, 1974

Miezi miwili baada ya Charlotte, Afrika Mashariki ilipata msiba wake, na huu haukutokana na soga. Asubuhi ya tarehe 20 Novemba 1974, Boeing 747 ya Lufthansa iliyotoka Frankfurt iliondoka Nairobi kwenda Johannesburg ikiwa na watu 157. Uwanja wakati huo uliitwa Embakasi. Ndege ilikimbia kwenye njia namba 24, ikainuka kidogo, ikatetemeka, ikashindwa kupanda, ikaanguka kama kilomita moja mbele ya mwisho wa njia na kuwaka moto. Watu 59 walikufa na 98 walipona. Ilikuwa ajali ya kwanza ya 747 kuua watu tangu ndege hiyo kubwa ianze kubeba abiria.

Sababu ilikuwa ndogo kiasi cha kuudhi. Bawa la 747 lina mikunjo upande wa mbele, ambayo hufunguliwa wakati wa kuruka ili bawa libebe uzito kwa kasi ndogo. Katika ndege hiyo mikunjo ile ilifunguliwa kwa nguvu ya hewa inayotoka kwenye injini, na mfumo huo wa hewa haukuwa umewashwa. Mikunjo ikabaki imefungwa. Nairobi iko juu, karibu mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na bawa lisilofunguka lilikuwa halina pa kushika. Kipengele hicho kimo kwenye orodha ya ukaguzi inayopaswa kukamilika kabla ya kukimbia kwenye njia kuu. Ripoti ilisema ukaguzi haukufanywa ipasavyo, na ikaongeza kwamba ndege yenyewe haikuwa na onyo la kuwaambia marubani kuwa hawako tayari kuruka. Makosa kama hayo yalikuwa yametokea kabla kwenye ndege za aina hiyo bila kuua mtu. Baada ya Nairobi, Boeing iliweka mfumo wa kuonya.

Jambo moja katika ripoti hiyo linafaa kukumbukwa na wasomaji wa gazeti hili. Uchunguzi ulifanywa chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, ile iliyosimamia pamoja anga la Kenya, Uganda na Tanzania kabla ya kuvunjika mwaka 1977. Jumuiya ya sasa ilirudi kwenye wazo hilo mwaka 2007 kwa kuanzisha CASSOA, wakala wa kusimamia usalama wa anga wenye makao Entebbe, mwaka uleule Burundi na Rwanda zilipojiunga. Kongo iliingia 2022. Kila nchi bado ina mamlaka yake ya anga na wakaguzi wake. Wakala unajaribu kuzifanya kanuni zifanane, ili rubani wa Kenya anayeendesha ndege ya Kenya iliyokodishwa na shirika la Rwanda kwenda Uganda, kama ilivyokuwa siku ile ya Kigali, asikutane na vipimo vitatu. Wafanyabiashara wanaopimiwa mzigo uleule upya katika kila mpaka wanaijua hoja hii bila kufundishwa.

Neno moja, maana mbili

Ajali iliyoua watu wengi kuliko zote katika historia ya usafiri wa anga ilitokea ndege zote mbili zikiwa chini. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, mali ya Hispania, 747 mbili, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana kwenye njia ya kuruka. Walikufa watu 583, wakapona 61, wote wa Pan Am.

Ndege hizo hazikupaswa kuwa pale. Bomu lilikuwa limelipuka katika uwanja wa Las Palmas na safari nyingi zikaelekezwa Tenerife, uwanja mdogo uliojaa hadi viungio vikawa maegesho. Ndege zikalazimika kujongea juu ya njia kuu yenyewe. Ukungu ukashuka. Kapteni wa KLM alikuwa anakimbizana na saa, kwa kuwa muda wa kazi ulioruhusiwa kwa wafanyakazi wake ulikuwa unaelekea kwisha. Pan Am iliambiwa itoke kwenye njia kuu kwa kiungio cha tatu, nayo ikakipita kwenye ukungu. KLM ilipewa maelekezo ya njia ya kufuata baada ya kuruka, kapteni akaanza kukimbia kama aliyepewa ruhusa ya kuruka. Mnara na Pan Am wakazungumza redioni kwa wakati mmoja, sauti zikagongana, na ndani ya chumba cha KLM ukasikika mluzi mahali palipokuwa na onyo. Mhandisi wa KLM aliuliza kama ile ndege nyingine imekwisha kutoka njiani. Kapteni akajibu kwa uhakika kwamba imetoka.

Tangu hapo neno la Kiingereza la kuruka halitamkwi redioni ila pale ruhusa ya kuruka inapotolewa au kufutwa. Kabla ya hapo husemwa kuondoka. Neno la kukubali tu, lile la "sawa", halitoshi. Rubani anatakiwa arudie maelekezo yenye uzito, namba ya njia na pa kusimama, na mwongoza ndege asikilize kama yamerudi kamili. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lina vipimo vya Kiingereza kwa marubani na waongoza ndege, na anayefanya kazi za kimataifa anatakiwa afikie angalau ngazi ya nne kati ya sita. Mwambao wa Tanganyika, ambako mtu mmoja hununua kwa Kirundi, huuza kwa Kiswahili, na kulipa ushuru kwa karatasi ya Kifaransa, haihitaji kuelezwa kwa nini. Mwenye mawese anayekubaliana bei na mteja wa Kigoma kwa simu hurudia: madumu mangapi, lita ngapi, siku gani, bandari gani. Wasiporudia, ugomvi hufanyika gatini.

Hata hivyo maneno mazuri hayazuii kila kitu. Tarehe 2 Januari 2024 ndege ndogo ya Walinzi wa Pwani wa Japani, iliyokuwa ikipeleka misaada ya tetemeko la ardhi, iliambiwa kwenye uwanja wa Haneda, Tokyo, kwamba ni ya kwanza kwenye foleni na ijongee hadi mahali pa kusubiri. Ikapita mstari na kusimama juu ya njia kuu kwa takriban sekunde 40. Ndege ya Japan Airlines ikatua juu yake. Watano kati ya sita wa ndege ndogo walikufa. Wote 379 wa ndege kubwa walitoka kabla haijateketea, na walitoka wakiacha mizigo yao.

Mizigo hiyo inastahili kutajwa mbele ya watu wanaosafiri na fedha taslimu na sampuli za bidhaa kwenye begi la mkononi. Ngazi ya dharura ni mpira uliojazwa hewa. Begi moja lenye pembe linaweza kuutoboa, na mtu mmoja anayevuta begi kutoka juu anaziba njia ya walio nyuma yake.

Bawa lisiloonekana

Usiku wa tarehe 22 Desemba 2013, 747 ya British Airways iliyokuwa inaondoka Johannesburg kwenda London ilipaswa kufuata kiungio kinachoitwa B. Ilienda moja kwa moja ikaingia kiungio M, chembamba, kisichotengenezwa kwa ndege ya ukubwa huo. Bawa la kulia likachana jengo la ofisi. Mafuta yakamwagika, na wafanyakazi wanne waliokuwa ndani ya jengo wakapata majeraha madogo. Ndani ya ndege hakuna aliyeumia.

Rubani wa 747 hawezi kuona ncha za mabawa yake akiwa kwenye kiti. Mabawa hayo yanatanda mita 64 hivi, na mtu anayeyaendesha anategemea mchoro wa njano chini ya pua, vibao, ramani, na mwenzake wa kiti cha pili. Wakati huo kila sekunde ya macho kwenye karatasi au kwenye kompyuta ni sekunde ambayo ndege inatembea bila kutazamwa. Mashirika mengi yamehamishia sehemu ya ukaguzi wa orodha kabla ndege haijasogea, au hadi itakaposimama kwenye mstari wa kusubiri, kwa sababu hiyo. Rubani asiyejua yuko wapi ana haki, na wajibu, wa kusimamisha ndege palepale na kuuliza mnara. Foleni itakasirika nyuma yake. Mwongoza ndege atamwelekeza.

Kwa ukanda huu hesabu ya usalama wa njia ya ndege haiishii kwa marubani. Goma ilionyesha hivyo. Lava ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya njia ya kuruka Januari 2002, ikaifupisha, na kwa miaka mingi ndege ziliendelea kutumia kilichobaki. Tarehe 15 Aprili 2008 DC-9 ya Hewa Bora ilishindwa kuruka, ikapita mwisho wa njia na kuingia mtaa wa Birere, kwenye maduka na meza za watu waliokuwa wakiuza. Walikufa takriban watu 40, na walio wengi hawakuwa na tiketi. Ni wafanyabiashara waliokuwa kazini.

Simu na mikanda

Mhudumu anaposimama mbele na kuomba simu zizimwe au ziwekwe hali ya ndege, abiria mzoefu humtazama kama mwalimu wa shule ya msingi. Anajua kwamba simu moja haijaangusha ndege. Ni kweli kwamba hofu ya mawimbi ya simu imepungua, na mashirika mengi sasa huruhusu vifaa hivyo viwashwe vikiwa kwenye hali ya ndege. Sababu iliyobaki ni nyepesi kuielewa: mtu anayebishana bei kwa sauti hasikii akiambiwa ainame, wala jirani yake hasikii.

Mkanda una sababu nzito zaidi. Ndege inayojongea inaweza kufunga breki ghafla kwa sababu ya gari la mizigo, mbwa, au ndege nyingine iliyokosea njia. Aliyesimama na begi la kilo kumi kichwani atatua juu ya mwenzake. Wahudumu wanapolazimika kumpigia kapteni kumwambia abiria wamesimama, wanaivunja ile kimya ya chumba cha marubani, na rubani anayetazama mchoro wa njano anageuza kichwa. Ndege nyingi husimama palepale hadi watu waketi, na wanaokawia ni haohao waliokuwa na haraka.

Jioni, ndege inayotoka Nairobi ikigusa ardhi Bujumbura, ziwa linakuwa upande mmoja na milima ya Kongo imeanza kuwa nyeusi ng'ambo yake. Simu huwaka kabla ndege haijaiacha njia kuu. Mtu wa kiti cha dirishani anampigia dereva kwamba amefika, amfuate na gari, mzigo wa kwanza ulale mjini na wa pili uende Bugarama kesho asubuhi. Nje, taa za bluu za kiungio zinapita moja moja. Ile ya mkanda bado inawaka. Dereva, upande wa pili wa simu, anauliza Bugarama ipi, na ndege inafunga breki kidogo kabla mwenye mzigo hajajibu.